Puti isijichore chini ya rangi mpya ya gari

Ulikuwa mlango wa nyuma wa IST nyeusi, upande wa abiria. Jumamosi jioni uling'aa kama kioo. Mwenye gari alijitazama ndani yake, akalipa, akaondoka ameridhika. Wiki tatu baadaye alirudi saa mbili asubuhi, jua likiwa bado linapiga kwa ubavu, akaniambia, "Fundi, hebu njoo usimame hapa niliposimama mimi." Nikasimama. Katikati ya mlango kulikuwa na duara la ukubwa wa sahani ya wali, ukingo wake umejichora kama alama ya kikombe cha chai kilichoachwa mezani. Ndani ya duara rangi ilikuwa imepauka kidogo, nje ya duara inang'aa.

Niliurudia mlango ule kwa gharama yangu. Sikukimbilia kuvua rangi yote. Niliusaga polepole, tabaka baada ya tabaka, nione tatizo lilianzia wapi. Rangi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ukingo wa puti, ile ya kusawazishia bati lililobonyea, ambao nilikuwa nimeumalizia juu ya rangi ya zamani, na kwenye praima, ile rangi ya msingi, niliyopuliza mikono mitatu, yaani tabaka tatu, mfululizo bila kuiacha ififie kwa sababu wingu la mvua lilikuwa limeshatanda.

Naandika haya kwa fundi mwenzangu anayeanza, na kwa mwenye gari pia, ili aelewe kwa nini fundi anayeijali kazi yake anamwomba siku nne badala ya siku moja.

Kinachotokea chini ya rangi

Puti ya bodi, ile ya kopo inayokuja na tyubu ndogo ya hadina (dawa ya kuigandisha), ni resini ya poliesta, plastiki ya majimaji inayoganda, iliyochanganywa na unga mwingi wa talki. Unga huo ndio unaofanya puti isagike kirahisi, na ndio unaoifanya inyonye. Bati halinyonyi kitu. Rangi ya zamani nayo ina tabia yake: ikipata thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, inavimba. Kwa hiyo unapopuliza praima juu ya sehemu iliyotengenezwa, thina ileile inakutana na vitu vitatu vinavyoipokea kila kimoja kivyake, na mahali vinapokutana ni pale kwenye ukingo.

Sasa fuatilia. Thina inaingia, ukingo unavimba. Wewe unasubiri saa moja, unapiga msasa, unasawazisha ukingo ukiwa bado umevimba. Unaona pako sawa, unapuliza rangi, unapuliza klia, lile tabaka angavu la juu. Gari linaondoka. Siku zinavyopita, thina iliyokuwa imejificha chini inatoka kidogo kidogo, kile kilichovimba kinanywea, na klia inakifuata chini. Hapo ndipo ramani inapojichora. Kuongeza mikono ya rangi hakusaidii, kwa sababu kila mkono unaleta thina nyingine.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kushika: punguza thina inayoingia, na ile iliyoingia ipe muda itoke kabla ya msasa wa mwisho. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hayo mawili.

Kuna alama nyingine zisizo za thina. Doa la njano au la kahawia kwenye gari jeupe ni hadina iliyozidi kwenye puti, nitalieleza mbele. Mistari myembamba kama mikwaruzo ya paka ni msasa mkali uliorukwa. Vidoti kama vya sindano ni hewa iliyonaswa kwenye puti. Rangi nyeusi na za metaliki za giza zinafichua mistari na pete, kama lile duara la mlango wangu. Nyeupe na za krimu zinafichua madoa. Fahamu unapiga rangi gani kabla hujaamua pa kuongeza umakini.

Nyoosha bati kwanza

Puti ni ya kumalizia. Si ya kujazia shimo. Nyoosha bati kwa nyundo na kishikio, kile chuma cha kuegemezea nyuma ya bati, mpaka kilichobaki kiwe cha kufunikwa na puti isiyozidi milimita 3 baada ya kusagwa. Puti nene inanywea zaidi, inabeba vitundu zaidi, na gari likipita kwenye barabara ya makorongo inapasuka. Mnunuzi anayepitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa pembeni mwa boneti na milango anatafuta puti ya aina hiyo, na ataipata.

Ua kingo za rangi ya zamani

Hapa ndipo mlango wangu ulipoharibikia, na ndipo pete nyingi zinapozaliwa.

Kabla ya kusaga, fanya jaribio dogo. Loweka kitambaa cheupe kwa thina, kibandike juu ya rangi ya zamani kwa dakika moja hivi, kisha futa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa au ikilainika, hiyo ni rangi ya NC (nitroselulosi) au nyingine isiyo na hadina, na itavimba kila ukiigusa na thina. Ukiikuta, usibishane nayo. Vua paneli nzima, au ukishindwa kabisa, ifunike kwa praima ya epoksi kabla ya kitu kingine chochote. Kuweka praima ya kawaida juu yake ni kujipangia kurudia kazi.

Rangi ikihimili thina, endelea. Toa rangi yote juu ya sehemu iliyobonyea, na uende nje ya bonde kama upana wa kiganja pande zote, mpaka bati tupu, kwa msasa namba 80 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi). Kisha geukia ukingo wa rangi iliyobaki uuue, yaani uufanye mteremko usiohisika. Saga kwa 120, halafu 180, halafu 240, mpaka uone matabaka yamejipanga kama pete za mti uliokatwa: klia, rangi, praima ya kiwandani, bati. Kila pete iwe pana. Pete nyembamba maana yake ni ngazi, na ngazi ndiyo itakayoonekana kesho. Fumba macho upitishe kiganja, si ncha za vidole, kutoka kwenye rangi kwenda kwenye bati. Ukivaa glovu nyepesi au ukiweka kitambaa chembamba chini ya mkono utahisi vizuri zaidi, kwa sababu ngozi tupu inanata.

Puti itaishia juu ya bati lililokwaruzwa, au juu ya epoksi, ndani ya eneo hilo. Isipande juu ya rangi ya zamani hata kidogo.

Sisi wa pwani tuna kutu ya hewa ya chumvi, na kwa sababu hiyo napenda kupuliza epoksi kwenye bati tupu kwanza, kuiacha ikauke kama kopo linavyoelekeza, kuikwaruza, kisha kuweka puti juu yake. Puti juu ya bati safi lililopigwa msasa 80 nayo inashika vizuri. Ukichagua njia hiyo, usiliache bati wazi usiku kucha. Usiweke puti juu ya praima ya asidi. Ile asidi inaizuia puti isikauke vizuri, nayo itabanduka.

Kuchanganya puti

Koroga kopo mpaka chini. Majimaji yanayoelea juu ni resini. Mafundi wengine huyamwaga, na kwa kufanya hivyo wanabaki na unga mkavu usioshika. Bonyabonya pia tyubu ya hadina, maana na yenyewe hujitenga.

Hadina ni karibu asilimia 2 ya uzito wa puti: gramu 100 za puti, gramu 2 za hadina. Kama huna mizani, tandaza puti kwenye ubao iwe duara la upana wa sentimita 10, kisha kamua mstari mmoja wa hadina unaokata katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Mmoja, si miwili.

Naomba tukae hapa kidogo. Hadina ni peroksaidi. Ikizidi, ile isiyopata resini ya kufanya nayo kazi inabaki huru ndani ya puti, na rangi ikija juu inapanda nayo taratibu na kuibadilisha. Gari jeupe linatoka na doa la njano ambalo hakuna polishi ya kuliondoa. Ikipungua, puti haiivi: unaisaga inajaa kwenye msasa kama jibini, na itaendelea kunywea chini ya rangi kwa wiki nyingi. Na usipochanganya sawasawa unapata makosa yote mawili kwenye paneli moja, maana pale kulipobaki mchirizi mwekundu hadina imezidi, na pembeni yake imepungua. Changanya kwa kukandamiza na kukunja, si kwa kupigapiga kama mayai, mpaka rangi iwe moja bila mchirizi. Kupigapiga kunaingiza hewa, na hewa ndiyo vitundu.

Dar es Salaam mchana wa Februari puti inaganda ukiwa hujamaliza kuitandaza, na kishawishi ni kupunguza hadina. Usipunguze kuliko kopo linavyoruhusu. Changanya puti kidogo kidogo, na ufanye kazi hiyo asubuhi au kivulini. Njombe au Mbeya asubuhi ya baridi kishawishi ni kinyume chake, kuongeza. Huko pasha bati moto kidogo kwa taa au kwa jua.

Changania kwenye kipande cha kioo, bati au plastiki ngumu. Kipande cha boksi kinanyonya resini, na ukikwangua unaweza kuingiza nyuzinyuzi zake kwenye puti.

Mkono wa kwanza wa puti uwe mwembamba kama siagi kwenye mkate, ukandamizwe kwa nguvu ili uingie kwenye mikwaruzo ya msasa na kufukuza hewa. Wa pili ndio wa kujenga umbo. Ukiona baada ya kusaga pamebaki bonde, ongeza puti kwenye eneo lote, si kiraka juu ya kiraka. Viraka vingi ni kingo nyingi.

Kusaga bila maji

Najua kwenye gereji nyingi puti inasagwa kwa maji. Inapunguza vumbi, msasa unadumu, na mkono unateleza vizuri. Lakini kumbuka ile talki. Puti iliyosagwa kwa maji inakunywa maji, na huwezi kuyaona wala kuyafuta. Unaifunga na praima, unaifunga na klia, unaiweka juani. Maji yanatafuta njia: yanainua malengelenge, au yanateremka kwenye bati na kuanza kutu. Kazi ya masika inayorudi na malengelenge mwezi wa saba mara nyingi ni hiyo. Maji yasubiri mpaka kuwe na praima iliyokauka juu. Kabla ya hapo ni msasa mkavu, na barakoa puani.

Tumia kibao, kirefu kadiri eneo linavyoruhusu. Vidole vinachimba. Anza na 80 kutoa umbo, ukibakiza kidogo juu, kisha 120, 180, na umalize na 240 ukitoka nje hadi kwenye rangi ya zamani iliyouawa kingo. Usiruke hatua. Mkwaruzo wa 80 ni mfereji, na praima itaujaza leo, lakini ikinywea mfereji utarudi. Namba inayofuata ifute mikwaruzo yote ya namba iliyotangulia. Ukipuliza vumbi jembamba la rangi nyeusi kabla ya kila namba utaona kwa macho kilichobaki.

Vitundu vinavyoonekana sasa vizibwe na puti laini ya poliesta, ile ya kumalizia yenye hadina yake, ikandamizwe iwe nyembamba sana na kusagwa kwa 180 na 240. Usitumie ile puti ya tyubu isiyo na hadina inayokauka yenyewe. Hiyo ni ndugu wa rangi za NC. Rangi hizo zilikuwa maajabu zilipoingia: Duco ya DuPont ya mwaka 1923 iligeuza kazi ya kukausha gari kutoka wiki hadi saa chache. Lakini kwa kuwa hukauka kwa thina kutoka tu, hurudi laini thina inaporudi. Kitundu ulichokiziba kwa puti hiyo kitalainishwa na praima, kitanywea, na utakikuta kwenye klia.

Praima, na subira

Puliza vumbi kwa hewa, ukianzia kwenye vitundu na kingo. Rangi inayozunguka ifute kwa dawa ya kuondoa grisi, lakini usiloweshe puti yenyewe. Itainywa kama inavyokunywa maji, na utakuwa umeweka thina chini kabla hata hujashika bunduki ya rangi. Fungua koki ya chini ya kompresa utoe maji; kipindi cha mvua fanya hivyo zaidi ya mara moja kwa siku.

Tumia praima ya 2K ya kujaza, yaani ile inayochanganywa na hadina, na thina yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Thina ya bei rahisi iliyoongezwa ili praima iende mbali ni thina inayokwenda moja kwa moja kwenye ukingo wako. Mkono wa kwanza uwe mwepesi. Subiri dakika 10, mpaka mng'ao wote upotee na pawe pamefifia. Mkono wa pili ujae. Subiri tena. Wa tatu kama unahitajika. Praima ivuke puti, ivuke bati, ivuke kingo zote za rangi ya zamani. Kwa gari jeusi mimi hupiga praima paneli nzima, kwa sababu ukingo usiokuwepo hauwezi kuonekana.

Halafu iache. Angalau usiku mzima. Ukipata nafasi, itoe paneli juani siku inayofuata, ipate joto, inywee yote inayotaka kunywea ikiwa bado mikononi mwako. Saa hizi chache za kutofanya kitu zinazuia pete kuliko mkono wowote wa rangi, na ndizo za kwanza kukatwa mwenye gari anapopiga simu kuuliza limefikia wapi. Kabla ya kupokea gari mwambie siku nne: ya kunyoosha na puti, ya kusaga na praima, ya kukauka, ya rangi. Anayetaka leo leo, mweleze atakachokiona baada ya mwezi.

Ikishakauka, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima yote, kisha saga kwa kibao, msasa 400 mkavu. Nyeusi inayobaki inaonyesha pa chini. Inayotoweka mapema inaonyesha pa juu. Endelea na 600, na kwa rangi ya metaliki au nyeusi fika 800. Hapa maji yanaruhusiwa, kwa sharti moja: praima isitoboke.

Ikitoboka na puti ikachungulia, hata pa ukubwa wa sarafu, simama. Usiseme rangi itafunika. Pale panapochungulia pana ukingo mpya wa praima na puti inayonyonya, yaani umerudi ulikoanzia. Kausha, puliza praima tena mikono miwili, subiri tena, saga tena.

Rangi na klia

Hapa pafupi. Mkono wa kwanza wa rangi ya besi, ile rangi yenyewe inayokaa chini ya klia, uwe mwepesi, usilowe. Subiri ufifie kabla ya wa pili. Ukiona ukingo unajichora mkono wa kwanza ukiwa bado mbichi, acha hapo hapo. Ukauke, saga, funga kwa praima. Klia mikono miwili, na muda wa kupumua kati yake.

Praima na klia za 2K zina kemikali ya isosianeti kwenye hadina yake, na kwa mpulizaji anayezivuta kila siku zinaleta pumu isiyoondoka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Tafuta barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi, ubadilishe vichujio kwa wakati, na bora zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Puliza mahali penye hewa inayopita, watoto wa gereji wakae mbali.

Ikiwa imeshajichora

Usiguse kesho yake. Acha thina imalize kutoka, wiki kadhaa, gari likikaa juani. Kisha kagua kwa jua la ubavu. Pete ikiwa hafifu na klia ni nene, isawazishe kwa msasa 1500 na 2000 wa maji kwenye kibao laini, halafu polishi. Mara nyingi hiyo inatosha, kwa sababu kilichonywea hakitanywea tena.

Pete ikihisiwa kwa kiganja, klia haitoshi kusagwa. Saga paneli kwa 400 mpaka ukingo upotee, puliza praima ya 2K au epoksi paneli nzima, na safari hii subiri.

Doa la njano ni shauri jingine. Ukilipaka rangi juu, litapanda tena. Toa puti ile mpaka kwenye bati, changanya upya kwa mizani, na uanze.